Sahihi 50, kura 251: namna mbunge wa upinzani anatafuta wenzake bungeni

Picha moja inatosha kuleta maneno. Mbunge wa upinzani anaonekana Kinshasa, kwenye ngazi za Palais du Peuple, anacheka na mbunge wa upande wa serikali, na karatasi iko katikati yao. Jioni picha imefika kwenye simu za watu wa Beni, Bunia, Uvira na Kalemie. Maoni yanaanza: "Huyu naye wamemununua." Siku ingine mbunge yuleyule anasimama bungeni peke yake, anasema kwa ukali, video inazunguka na watu wanapiga makofi. Kiisha hakuna kitu kinabadilika. Miaka mitano ikiisha, wale walipiga makofi wanauliza: huyu alitufanyia nini?

Kwa kusema kweli, mara nyingi ile karatasi ya kwenye picha iko na kazi kuliko video. Kuelewa juu ya nini, ni lazima kuangalia namna Bunge la taifa linafanya kazi: nani anaweza kufanya nini akiwa peke yake, na ni wapi anapigwa na hesabu.

Hesabu yenyewe

Bunge la taifa liko na viti 500. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalipa kazi mbili kubwa: kupiga kura juu ya sheria, na kuchunguza serikali, kampuni za serikali na utumishi wa serikali. Kifungu cha 138 kinataja vyombo vya uchunguzi huo. Kuko swali la kuandika, swali la mdomo pamoja na mjadala ao bila mjadala, swali juu ya jambo la siku hizi, kumuita waziri ajieleze mbele ya Bunge, tume ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya komisio.

Kuuliza swali, mbunge mmoja anatosha. Haombi ruhusa ya chama kikubwa. Lakini katiba inasema waziwazi kwamba maswali hayafuatwi na kura. Waziri anakuja, anajibu vizuri ao vibaya, anarudi ofisini kwake.

Kama wabunge wanataka waziri aondoke, hapo kifungu cha 146 kinaingia. Mosioni ya kumkataa waziri mmoja inapokelewa ikiwa na sahihi za sehemu moja kwa kumi ya Bunge, ndiyo kusema 50. Mosioni ya kuangusha serikali yote inaomba robo, ndiyo 125. Kura haipigwi palepale. Masaa 48 lazima yapite kwanza. Na ili mosioni ishinde, haitoshi kuwa wengi kati ya wale wamefika siku hiyo. Inaomba zaidi ya nusu ya wabunge wote: 251. Mosioni ikianguka, wale waliweka sahihi hawawezi kuleta ingine katika kikao kilekile.

Sasa angalia viti. Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, vyama vya Union sacrée, upande wa Rais Félix Tshisekedi, vilipata zaidi ya viti 400. FCC ya Joseph Kabila haikuingia katika uchaguzi ule. Chama cha Martin Fayulu hakikupeleka wagombea wa ubunge. Ensemble pour la République ya Moïse Katumbi ndiyo ilibaki kikundi kikubwa cha upinzani bungeni, na haikufika hata viti 30.

Kwa hiyo mbunge wa upinzani mwenye kutaka tu kupeleka mosioni juu ya waziri, bado hajafikiria kushinda, anapaswa kugonga mlango wa wenzake wa upande wa serikali. Hana namna ingine. Kama wapiga kura wake wanamkataza kusimama nao kwenye ngazi, wanamkataza kazi.

Swali la mtu mmoja, sauti ya wengi

Watu wa mashariki hawajasahau RAM, ile pesa ilikuwa inakatwa kwenye simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Ilianza mwaka 2020. Mama mwenye kuuza fretini sokoni anatia yuniti, kabla hajapiga simu kwa mteja, sehemu imekwisha kukatwa. Mwaka 2021 Claude Misare, mbunge aliyechaguliwa Uvira, alimupelekea swali la mdomo pamoja na mjadala Augustin Kibassa, waziri wa posta na simu.

Kwa sheria, swali lile halikuwa na meno. Hakuna kura mwishoni. Lakini waziri alipokuja, wabunge wengi walipinga maelezo yake, na kati yao walikuwamo wa upande wa serikali yake mwenyewe. Jambo likatoka mikononi mwa mbunge mmoja wa Uvira likawa la ukumbi mzima, na kutoka ukumbini likaenda redioni na barabarani. Mwaka 2022 RAM ilisimamishwa.

Hapa kuko jambo lenye watu hawaonaki kwenye video. Katika mjadala wa namna ile, aliyeuliza anapewa neno kwanza kueleza swali lake. Waziri anajibu, ao anaomba masaa 48 ajitayarishe. Wabunge wengine wanajiandikisha kwenye orodha ya wasemaji, na kila mmoja anapewa dakika kidogo. Kama watu kumi wa upande mmoja wanajiandikisha na wote wanarudia hasira ileile, waziri anajibu mara moja tu na imekwisha. Lakini kama wamekutana mbele, wakagawana kazi, mmoja anauliza pesa ziliingia kwenye kompte gani, mwingine anauliza ni sheria gani iliruhusu, wa tatu anasoma mkataba wa kampuni, waziri hana pa kukimbilia. Na lile swali la mkataba linauma zaidi likitoka kwa mbunge wa upande wa serikali. Akiuliza mpinzani, waziri atasema: "Ni siasa." Akiuliza mwenzake wa chama, neno hilo halisaidii tena.

Mbunge wa upinzani mwenye uzoefu anajua hilo. Wakati mwingine anachukua uchunguzi wake, namba na karatasi zake, anampa mbunge wa upande wa pili mwenye kuaminika, anamuachia swali. Jina lake halitasikika redioni, na kwenye jimbo lake watasema alinyamaza.

Swali linaweza kufa kabla ya kuzaliwa

Kuuliza ni rahisi, kusikilizwa ndiyo kazi. Swali linaenda kwanza kwenye biro ya Bunge, na ratiba ya vikao inapangwa katika mkutano wa maraisi: biro, maraisi wa komisio, na maraisi wa vikundi vya wabunge. Hapo ndipo swali linaweza kulala, linangoja wiki, linangoja mwezi, mpaka kikao kifungwe.

Ndiyo maana nafasi ya raisi wa kikundi cha upinzani si ya heshima tu. Kwa Ensemble, kiti hicho kilipewa Christian Mwando Nsimba, mbunge wa Moba, jimbo la Tanganyika. Huyu alikuwa waziri wa Mpango tangu Aprili 2021, na akaacha kazi Desemba 2022 wakati Katumbi alitoka katika Union sacrée. Aliisha kukaa meza moja na wale anapaswa kupinga leo. Wengine wanaona hilo kuwa ni doa. Lakini katika kazi ya kuomba swali liingie kwenye ratiba, mtu mwenye anajua serikali inafanya kazi namna gani kutoka ndani hapotezi wakati.

Na hata swali likiingia kwenye ratiba, kuko mlango mwingine wa kulitolea nje. Kanuni za ndani ya Bunge zinaruhusu mosioni za aina nyingi wakati wa kikao. Zipo za kuomba utaratibu na za kutoa habari. Kuko pia ile ya kuomba jambo lisijadiliwe hata kidogo, na ile ya kukatisha mjadala ukiwa umeanza. Mwenye kuomba neno kwa mosioni anapita mbele ya wale wanangoja kwenye orodha. Mbunge mmoja wa upande wa wengi anasimama, anasema waziri ndiyo kwanza amefika katika wizara, ao jambo liko mbele ya korti, ao linagusa usalama wa taifa. Raisi wa kikao anaweka kwa kura. Upande wa wengi wanainua mikono. Imekwisha, na waziri hata hajafungua faili.

Mpinzani mwenye alikuja na hasira tu hawezi kitu hapo. Mwenye alizungumza na wenzake siku mbili mbele, akapata ahadi ya thelathini ao makumi tano wa upande wa pili kwamba hawatainua mkono, huyo anaweza kuokoa swali lake. Kuko pia mlango kufungwa: vikao vya Bunge viko wazi kwa watu, lakini Bunge linaweza kuamua kuzungumza kwa siri, na juu ya vita hilo linafanyika mara nyingi. Waziri wa ulinzi anajibu, na raia wa Lubero ao wa Djugu hajui alijibu nini. Ndani ya ukumbi ule uliofungwa, mbunge hana tena makofi ya watu. Amebaki na wenzake tu.

Kokasi: chama kinabaki mlangoni

Kwa majimbo ya mashariki, ushirikiano wa nguvu zaidi hautokani na vyama. Unatokana na jimbo. Wabunge wote wa jimbo moja, wa serikali na wa upinzani, wanakutana katika umoja wenye unaitwa kokasi. Katika Bunge la 2019 mpaka 2023, kokasi ya Kivu ya Kaskazini ilikuwa na Jean-Baptiste Kasekwa, aliyechaguliwa Goma kwa chama ECiDé cha Martin Fayulu, mpinzani mkali. Ilikuwa pia na Juvénal Munubo wa Walikale, wa UNC ya Vital Kamerhe, chama kilichokuwa pamoja na rais tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa rais walikuwa pande mbili. Juu ya barabara, mauaji na kodi za Kivu ya Kaskazini, shida zao ni zilezile.

Jambo lenye lilipima kokasi ni utawala wa kijeshi, yaani état de siège. Ulitangazwa kwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, ukaanza tarehe 6 Mei 2021. Magavana wa kijeshi wakachukua nafasi ya raia, korti za kijeshi zikapewa kesi za raia, na mabunge ya majimbo mawili yakasimamishwa. Hili la mwisho watu walilipita haraka, lakini ni zito. Tangu siku ile, wale tu walichaguliwa na raia wa Ituri na Kivu ya Kaskazini na wenye walibaki na neno ni wale wa Kinshasa.

Katiba, kifungu cha 144, inatoa siku 30 za kwanza. Kiisha Bunge la taifa na Seneti wanaweza kuongeza, siku 15 kwa siku 15. Kila wiki mbili, basi, wabunge walipewa nafasi ya kusema ndiyo ao hapana. Mwanzoni karibu wote walisema ndiyo, na wapinzani pia, sababu watu walikuwa wamechoka na mauaji na walitaka kujaribu kitu. Miezi ilipita, mauaji hayakwisha. Komisio ya ulinzi na usalama iliita mawaziri, ikawasikiliza, ikatoa ripoti yenye iligusa namna pesa za operesheni zilitumiwa. Na wabunge wa majimbo mawili wakaanza kusema kwa sauti moja: tuache kuongeza bila kupima.

Ilikuwa ni ushirikiano wa kweli, na ulikuwa na gharama. Mbunge wa chama cha rais mwenye kupinga utawala wa kijeshi alijua biro na chama vinamuangalia. Mpinzani naye alipaswa kupunguza maneno yake. Kama angegeuza mkutano wa kokasi kuwa mkutano wa kumtukana rais, wale wa serikali wangetoka. Kwa hiyo tamko la kokasi huwa laini kuliko vile mpinzani angependa, na kali kuliko vile mwanachama wa serikali angependa. Mtu akilisoma anaona halina chumvi. Lakini lile neno laini limebeba majina yenye neno kali lisingepata.

Je, walishinda? Hapana. Mwisho wa 2021 walifika hata kususia vikao vya kuongeza muda. Lakini hesabu ile ya mwanzo iliwafuata: wabunge wa majimbo mawili hawafiki hata mia moja, na Bunge linahitaji 251 tu ndani ya ukumbi ili kikao kisimame. Wenzao wa Kasaï, wa Équateur, wa Kongo-Central walikaa na wakapiga kura. Utawala wa kijeshi uliongezwa zaidi ya mara 50. Ni Agosti 2023 tu, kwenye mkutano wa Kinshasa juu ya jambo hilo, mawazo ya kokasi yalipata meza kubwa, na Oktoba mwaka ule rais akatangaza kulegeza hatua kwa hatua. Hata hapo uamuzi ulitoka kwa rais, haukutoka kwa kura ya wabunge.

Kitu kimoja kilikosekana, na mtu anaweza kulaumu kokasi juu yake: haikuenda vya kutosha kwa wabunge wa mbali. Mbunge wa Mbandaka hajui Komanda iko wapi. Kumfanya apige kura pamoja nawe juu ya Komanda, ni lazima nawe umsaidie siku ya mafuriko yake. Ushirikiano bungeni ni kama likelemba: asiyetoa zamu ya wenzake, zamu yake haifiki.

Mwaka wenye upinzani ulifanya kazi na kila mtu

Kuko wakati namba ndogo ya wapinzani inakuwa na bei kubwa: wakati wakubwa wawili wanagombana. Mwaka 2020 ilikuwa vile. FCC ya Kabila ilikuwa na viti zaidi ya 300, ikitawala pamoja na CACH ya Rais Tshisekedi yenye viti vichache. Lamuka ilikuwa upinzani.

Mei 2020, Jean-Jacques Mamba, mbunge wa MLC, ndani ya Lamuka, alianzisha ombi la kumuondoa Jean-Marc Kabund, makamu wa kwanza wa raisi wa Bunge na mkubwa wa UDPS. Siku chache mbele ya kura, Mamba alikamatwa, akishitakiwa juu ya sahihi iliyosemwa kuwa ya kughushi kwenye ombi lile. Baadaye aliachiliwa. Katiba, kifungu cha 107, inamkinga mbunge juu ya maneno na kura zake akiwa kazini, lakini karatasi ya sahihi inaweza kumfikisha kortini. Tarehe 25 Mei kura ilipigwa na Kabund akaondolewa kwa kura 289. Nyingi zilikuwa za FCC. Mpinzani aliwasha moto, wengi wakaleta kuni.

Miezi saba baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais Tshisekedi alitangaza Union sacrée. Tarehe 10 Desemba Jeanine Mabunda wa FCC aliondolewa kwenye kiti cha raisi wa Bunge kwa kura 281, na 200 zilimtetea. Tarehe 27 Januari 2021, mosioni ya kuangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba ilipata kura 367. Wabunge wengi wa Lamuka, wa upande wa Katumbi na wa Bemba, walikuwa safari hii pamoja na UDPS wakipinga FCC. Upinzani uleule, ndani ya mwaka mmoja, ulifanya kazi na huyu juu ya yule, kiisha na yule juu ya huyu.

Mwenye kuita hilo usaliti hawezi kukatazwa. Mwenye kuita hilo akili naye pia. Lakini raia wa Fizi ao wa Mahagi anaweza kuuliza swali dogo: katika kura zile zote, kilichokuwa mezani ni bei ya unga ao ni viti vya wakubwa? Kwa sehemu kubwa, ni viti.

Ndiyo maana mosioni ya Machi 2022 inafaa kukumbukwa kuliko zile. Crispin Mbindule, mbunge wa Butembo, alipeleka mosioni ya kumkataa waziri wa uchumi, Jean-Marie Kalumba, wakati bei za vitu zilikuwa zimepanda. Tarehe 30 Machi ilipita kwa kura 277, zaidi kidogo ya 251 zenye zinahitajika. Waziri wa upande wa wengi aliangushwa na Bunge lenye lilikuwa na upande uleule wa wengi. Tofauti ya 26. Katika hesabu nyembamba namna ile, kila kura ya pembeni iko na bei, na mpinzani mwenye kukaa nyumbani siku hiyo kwa sababu mosioni haikutoka kwa chama chake, anamsaidia waziri bila kujua.

Mosioni nyingi hazifiki pale. Zinakufa katika yale masaa 48. Mwenye aliweka sahihi anapigiwa simu na chama chake, anaandika barua, anasema alidanganywa ao hakusoma vizuri, anatoa sahihi. Kwa hiyo wenye kujua kazi hawakusanyi 50. Wanakusanya 60, 70, na wanaweka kwanza sahihi za wenzao wa upande wa serikali, sababu hao ndio watapigiwa simu.

Sheria inakumbuka jina la aliyeiandika

Upande wa sheria kazi ni ya polepole na haina video. Kila mbunge anaweza kuandika pendekezo la sheria. Serikali inapewa siku 15 kutoa maoni yake, kiisha jambo linaenda kwenye komisio, na pale ndipo mpinzani ana nafasi nzuri, sababu katika komisio watu ni wachache, kamera hakuna, na mwenye kuja na kifungu kilichoandikwa vizuri anasikilizwa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya kulinda haki za Wambuti, Watwa na wenzao ilitoka kwa wabunge, haikutoka serikalini.

Mfano mwingine ni Christophe Lutundula. Wazee wanamkumbuka kwa komisio ya Bunge la mpito yenye ilichunguza mikataba ya madini na mingine iliyosainiwa wakati wa vita za 1996 na 1998. Mwaka 2020, akiwa mbunge wa upande wa Katumbi, bado katika upinzani, aliandika pendekezo la kubadilisha sheria ya CENI. Alikuwa pia kati ya G13, watu 13 wa vyama mbalimbali waliokutana mwaka ule juu ya kurekebisha uchaguzi. Delly Sesanga, Juvénal Munubo na Patrick Muyaya walikuwamo. Pendekezo lilipita, likatangazwa kuwa sheria tarehe 3 Julai 2021. Lakini tarehe hiyo Lutundula hakuwa tena mpinzani, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Na wapinzani waliobaki nje walisema ile sheria haitoshi. Muyaya naye akawa msemaji wa serikali.

Hapa raia anakuwa na haki ya kushuku. Kufanya kazi pamoja kunaweza kuwa daraja la kuhamia. Katiba, kifungu cha 110, inasema mbunge mwenye kuacha chama chake kwa kupenda wakati wa muhula anahesabiwa kuwa ameacha kiti. Lakini mbunge si mtumwa wa chama pia: kifungu cha 101 kinasema anawakilisha taifa, na amri ya kumlazimisha kura haina nguvu. Mwaka 2021 wengi walipita katikati ya vifungu hivyo viwili, wakahama kutoka FCC kwenda Union sacrée na viti vyao mikononi.

Kutofautisha mwenye kushirikiana na mwenye kuhama si kazi ngumu sana, karatasi zinasaidia. Mwenye kushirikiana anaweza kuonyesha jambo: swali namba fulani, tarehe fulani, liliwekwa sahihi na nani, waziri alijibu nini. Jambo likiisha anarudi kwenye kiti chake, na juu ya bajeti kesho yake anapiga kura ya hapana. Mwenye kuhama hana karatasi ya namna hiyo. Anasema tu kwamba ameona "maono ya mkubwa wa nchi".

Upinzani wenyewe haujajisaidia. Sheria ya tarehe 4 Desemba 2007 inaupa hali yake rasmi, pamoja na nafasi ya msemaji wa upinzani mwenye heshima kama ya waziri. Kiti hicho kimebaki kitupu, sababu wapinzani hawapatani ni nani akikalie. Watu wanaoshindwa kukubaliana juu ya mmoja wao, inakuwa vigumu kwao kuomba sahihi za wengine.

Masisi na Rutshuru

Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura, juu ya vita. Kwa hiyo Bunge lilianza muhula bila mbunge aliyechaguliwa kule katika uchaguzi huo. Mtu wa Kitshanga ao wa Kiwanja mwenye anataka kujua kambi yake itapata chakula lini, ao nani analipwa kodi kwenye barabara ya kwao, hana wa kumpigia simu aliyechaguliwa kule katika uchaguzi huo. Swali lake linaweza kuingia bungeni kwa mdomo wa mbunge wa Lubero, wa Walikale ao wa Bukavu, na litapita kama wa Kasaï na wa Équateur watalikubali. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Februari 2025, wabunge wa miji ile nao hawarudi tena kwa watu wao kama zamani.

Kwa wengine, ratiba inajulikana. Kikao cha Machi kinafungwa tarehe 15 Juni, kile cha Septemba kinafungwa tarehe 15 Desemba. Mbele ya kufunga, Bunge kwa kawaida linaipa serikali sheria ya ruhusa ya kuchukua hatua fulani wakati wabunge wako likizo, na kuongeza utawala wa kijeshi kumekuwa katika orodha hiyo. Kiisha wabunge wanapanda ndege kwenda kwa wapiga kura wao kukusanya malalamiko, na wanapaswa kuandika ripoti wakirudi. Mbunge wa upinzani akifika Beni, Bunia ao Kindu, kabla ya hotuba anaweza kuombwa nakala mbili: ya swali la mwisho lenye alipeleka, na ya orodha ya wale waliweka sahihi pamoja naye.